Tela Namba Moja na Kipimo cha Jumapili

Risala ya Umoja wa Wavuta Tela Mkuyuni kwa mgeni rasmi, Ndugu Dorcas Ndalahwa, Afisa Ushirika, katika kuadhimisha miaka kumi ya Umoja. Imesomwa na katibu, Venant Chenge, kwenye uwanja wa matela, Mkuyuni, Mwanza, Jumapili tarehe 19 Julai 1998.

Mgeni rasmi, Ndugu Dorcas Ndalahwa;
Mwenyekiti wetu, Mzee Alexander Mihayo;
Ndugu Jitesh, jirani yetu wa kituo cha mafuta;
Wanachama, familia zetu, na majirani mliosogea kusikiliza:

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha Mkuyuni kwa mikono miwili. Kwa cheo chako tunakuamkia shikamoo. Kwa umri wako tungengoja utuamkie wewe, maana nusu ya watu waliokaa kwenye mabenchi haya walikuona ukija hapa na sare ya shule ya msingi, chupa ya chai mkononi, ukiinama kumtafuta baba yako chini ya gari. Hivyo leo tuamkiane tu vyovyote, tusihesabiane.

Barua ilipotoka wilayani kutuarifu kwamba Afisa Ushirika mpya amekubali kuwa mgeni wetu, tulishangilia. Katibu alipofika kwenye jina, Mwenyekiti aliomba barua isomwe tena. Ikasomwa tena, na jina halikubadilika.

Kamati ilikaa vikao vitatu kuandika risala hii. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya kurasa mbili na haikumtaja kabisa baba yako. Ilisema Umoja ulianzishwa na "wazee waasisi". Odeta, mama yetu wa barafu, akauliza mbele ya wote, "Wazee gani hao? Mbona mimi namkumbuka mmoja tu, tena alikuwa hajazeeka?" Tukaichana. Hii unayosomewa ndiyo ya tatu, na ndani yake mambo yamesemwa kama yalivyokuwa.

Ili usikae ukikisia tunakokwenda, tunakuambia mapema. Tutakuomba mambo ya magari, kama vikundi vyote vinavyoomba. Lakini jambo tunalolitaka kuliko yote ni kwamba Mzee Ndalahwa, baba yako, arudi hapa. Tulimkosea, na sisi ndio tuliofanya aondoke.

HISTORIA

Mgeni rasmi, Umoja huu ulianza mwaka 1988 ukiwa na watu wanne, pikapu moja ya dizeli na tela moja. Tela hilo baba yako alilichomelea mwenyewe kwa miezi mitatu, kwa ekseli ya lori lililokufa na mabomba ya paa la godauni. Akaliandika ubavuni kwa rangi nyeupe: NAMBA MOJA. Watu wakamcheka, wakamuuliza namba mbili iko wapi. Akawajibu, "Itakuja."

Kazi yetu unaijua, ila tuieleze kwa ajili ya wageni wengine. Asubuhi tunapakia barafu hapa Mkuyuni, tunapita Butimba, Buhongwa na Usagara, tunashuka mpaka Kigongo kwenye kivuko. Pale wavuvi wanashusha sangara. Tunawapa barafu, tunapakia samaki, tunarudi nao viwandani. Kwenda na kurudi ni kilomita sitini. Pikapu peke yake hubeba masanduku kumi na mawili ya samaki. Ukiifungia tela, yanakuwa thelathini. Pikapu bila tela hapa haimlishi mtu.

Baba yako alikuwa fundi na dereva, na alikuwa mtu wa dizeli. Alisema dizeli ni kama ng'ombe wa kulima: haina mbio, lakini ukiiongezea mzigo haishtuki. Petroli aliiheshimu pia, ila kwa kazi nyingine. "Hiyo mpelekee bwana harusi," alikuwa anasema.

Pia alikuwa mtu wa kanuni. Alinunua daftari la shule, la mistari, akaandika kanuni kumi na moja za Umoja kwa mwandiko wake uliolala upande. Nyingine zilikuwa za kawaida: dereva asinywe, mzigo ufungwe kwa kamba mbili. Kanuni namba saba ndiyo iliyotutambulisha mjini. Inasema: *Jumapili tela lipumzike.* Aliitoa kwenye enzi zile magari yalipokatazwa kutembea Jumapili mchana ili nchi iokoe mafuta. Marufuku iliisha, yeye akabaki nayo. Kila Jumamosi jioni matela yanafunguliwa, yanaoshwa harufu ya samaki, beringi zinapakwa grisi, na Jumapili hakuna mtu kufunga tela, iwe kwa harusi, iwe kwa msiba. Siku ya kipaimara chako, Mgeni rasmi, viti vya kukodi vilitoka Butimba vikiwa vichwani mwa watu, matela yote yakiwa hapa yamekaa tu. Mama yako hakuongea naye siku mbili.

Tuliisema kanuni hiyo vibaya, lakini tuliifuata. Ndiyo maana matela yetu yalidumu. Kufikia mwaka 1993 tulikuwa wanachama kumi na tisa, pikapu tisa za dizeli, matela tisa. Namba mbili ilikuja, na saba nyingine nyuma yake.

MAFANIKIO

Umoja umejenga banda hili tulilokaa. Umechimba choo cha matundu mawili, na tundu moja bado lina mlango. Umezika wanachama wawili kwa heshima zote.

Umesomesha watoto saba. Wa kwanza ni wewe, mpaka kidato cha tatu. Tunasema mpaka kidato cha tatu kwa sababu baba yako alipoondoka tulifuta jina lako kwenye mfuko wa ada wiki ileile. Cha nne, na chuo, alikusomesha mwenyewe. Kamati ilibishana kama jambo hili liwekwe chini ya mafanikio au chini ya matatizo. Tumeliacha hapa ili tuone aibu vizuri.

KOSA LETU

Kichwa hiki cha habari si cha kawaida kwenye risala, Mgeni rasmi, tunaomba utuvumilie.

Soko lilipofunguliwa, Mwanza ilibadilika haraka. Zamani mafuta yalikuwa ya kibali na spea ya kuomba. Ghafla kukawa na kila kitu. Magari ya mitumba yakaanza kushushwa kwa wingi, na mengi yalikuwa pikapu za petroli: zinang'aa, zina redio ya kaseti, asubuhi unawasha mara moja inaitika. Za kwetu za dizeli zilikuwa zinasukumwa mpaka mlango wa kanisa ndipo ziwake, na zikiwaka, moshi unaingia kwenye vyungu vya majirani. Wenzetu wa upande wa pili wa barabara walinunua mbili za petroli. Wakawa wanatupita Buhongwa wakitupungia mkono. Tuliumia. Tulianza kumwita baba yako Mzee Moshi, mwanzo kwa utani, baadaye si kwa utani.

Ukaitishwa mkutano, Juni 1994. Hoja ilikuwa moja: tuuze dizeli zote tisa, tununue petroli tisa. Baba yako hakupiga kelele. Alisema tu, "Msinisikilize mimi, pimeni. Jazeni tangi, nendeni Kigongo, rudini, mjaze tena mwone limekunywa ngapi. Petroli na dizeli, barabara moja, siku moja." Kila mtu akaona ni haki. Tukaazima pikapu ya petroli kwa muuzaji.

Siku za kazi gari hazikuweza kutolewa. Ulikuwa msimu wa samaki, viwanda vilikuwa vinatupigia kelele kila asubuhi. Siku iliyokuwa wazi ni Jumapili peke yake. Hapo ndipo tulipopotea.

Baba yako alisimama akasema, "Jumapili hii moja tufunge matela. Mkipima bila tela mtakuwa hamjapima kitu."

Mgeni rasmi, risala ni ya wengi, na mpaka hapa nimesema *sisi*. Kamati imeniruhusu niseme *mimi* mara moja, na ninaitumia sasa. Mimi, Venant Chenge, ndiye niliyesimama nikamjibu baba yako, "Mzee, kanuni namba saba ni mwandiko wako mwenyewe. Au kanuni zako zinatubana sisi tu?" Watu walicheka sana. Nami nilifurahi kwamba wamecheka. Baba yako akachukua daftari mezani, akatafuta ukurasa, akausoma mstari wake kimya kimya, akalifunga. Akasema, "Basi," akakaa. Nimekuwa nikilisikia hilo *basi* miaka minne.

Ninarudi kwenye *sisi*.

Tulipima Jumapili, baada ya misa, tukiwa na nguo za kanisani. Ndugu Jitesh alijaza matangi yote mawili mpaka shingoni kwa kopo la lita moja, kwa mkono wake, na hakumwaga hata tone. Gari zikaondoka nyepesi, bila mzigo, bila tela, madirisha wazi. Mwenyekiti alikuwa na mtoto wake mgonjwa wa mafua kwenye siti ya mbele, anapunga upepo. Zikaenda Kigongo, zikarudi. Petroli ilitangulia kwa robo saa. Jitesh akajaza tena: dizeli ilikunywa lita tano na nusu. Petroli ilikunywa lita sita.

Nusu lita! Tulishangilia mpaka watu wa sokoni wakaja kuuliza kuna nini. Kwa nusu lita mtu uendelee kuvuta moshi? Kusukuma gari kila asubuhi? Jitesh alikuwa amesimama na kopo lake, akasema, "Jamani, mimi ni muuza mafuta, mkinunua mengi mimi nakula vizuri. Lakini naona mmepima gari, kazi hamjaipima." Tukamwambia asiingilie mambo ya Umoja.

Kura zikapigwa. Kumi na saba walitaka petroli, wawili walikataa: baba yako na Odeta. Wiki mbili baadaye dizeli tisa zilikuwa zimeuzwa.

Baba yako alikuja siku ya mwisho akiwa na baiskeli. Tulikuwa tumejiandaa, tukijua atadai tela lake, na tulikuwa na jibu: matela ni mali ya Umoja. Hakudai. Alikwenda kwenye Tela Namba Moja, akainama, akachomoa ile pini ya kufungia tela kwenye gari, ambayo aliifua mwenyewe kwa chuma cha ekseli. Akaifuta kwa shati, akaitia mfukoni. Akasema, "Nawatakia kazi njema." Akapanda baiskeli akaondoka.

MATATIZO

Mgeni rasmi, tulipoanza kazi na petroli tulijiona watu wa mjini. Kila dereva alipewa mafuta kufuatana na kipimo: lita sita, na moja ya dharura. Wiki ya kwanza gari tatu zilizimika njiani kabla ya Usagara, zikirudi na samaki; nyingine zilifika kwa mabaki yaliyokuwa kwenye matangi. Wiki ya pili, tano.

Hatukusema kipimo ni kibovu. Tulikiona kwa macho yetu, tukiwa wote, mchana kweupe! Tulisema madereva wanaiba. Tulianza kunusa madumu nyumbani kwa watu. Tuliitisha kikao, tukamsimamisha Revocatus, dereva wetu kijana kutoka Nansio, kwa sababu gari lake lilizimika mara nne. Alilia mbele yetu akisema, "Wazee, mafuta yanaisha yenyewe, nikifunga tela nakanyaga mpaka chini na gari haiendi." Tulimfukuza kwa wizi. Jina lake tuliliandika kwenye ubao ule pale, mkaa juu ya mbao. Tumelifuta, lakini ukisogea bado linasomeka.

Baada ya Revocatus kuondoka, magari yaliendelea kuzimika kama kawaida.

Odeta ndiye aliyechoka. Siku moja, bila kumuomba mtu ruhusa, alinunua kufuli. Akasimamia tangi likijazwa mpaka shingoni kwa Jitesh, akafunga mfuniko kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akapanda mbele. Tela lilikuwa nyuma na barafu yote. Wakashuka Kigongo, wakapakia sangara, wakarudi. Kule kwenye mwinuko wa Buhongwa, anasimulia, gari lilikuwa kwenye gia ya pili linalia kama mbuzi, na ule mshale wa mafuta ulikuwa unashuka akiutazama. Walifika Mkuyuni. Akafungua kufuli kwa mkono wake. Jitesh akahesabu makopo kwa sauti, na sisi tulikuwa tumezunguka. Kopo la saba. La nane. La kumi. Yalikuwa kumi na matatu.

Lita kumi na tatu, njia ileile ambayo Jumapili ililiwa kwa sita.

Odeta hakutaka yaishie pale. Alimtafuta mtu wa Magu aliyenunua dizeli yetu mojawapo, anayeitumia kuvuta tela la pamba, akamuuliza akifunga tela lenye mzigo kwa kilomita sitini anatumia ngapi. Yule mtu akasema, "Saba na nusu. Ikiwa na matope, nane." Mzigo uliongeza lita mbili kwa dizeli. Kwetu uliongeza saba.

Tulikwenda Magu kuomba kuzinunua tena zile dizeli. Wenyewe walitupa viti, wakatupa maji ya kunywa, wakacheka.

Hatuna wa kumlaumu, Mgeni rasmi. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliambiwa sasa ni uhuru, kila mtu achague, na sisi tukachagua tukiwa na nguo za kanisani na matela yamepumzika. Tuliyanunua magari kwa ajili ya siku moja katika wiki, siku ambayo hatufanyi kazi.

Fedha ya lita kumi na tatu hatukuwa nayo kila siku, tukawa tunajaza kidogo kidogo. Ukaja mwaka jana. Gari mbili zilizimika kwa mafuta siku moja, jua la saa saba, barafu ikayeyuka. Kiwanda kikakataa samaki wote. Tulichimba shimo tukafukia sangara masanduku hamsini na nane, watu wengine njaa inawasubiri nyumbani. Tangu hapo wanachama wamekuwa wakiondoka mmoja mmoja. Leo tumebaki kumi na mmoja. Gari zinazotembea ni tatu. Matela sita yamekaa, na moja kati ya hayo ni Namba Moja.

Kuna tatizo moja ambalo halimo kwenye taarifa tuliyoleta ofisini kwako. Baba yako ana karakana ndogo Usagara, kando ya barabara, palepale tunapokata kwenda Kigongo. Anatengeneza mikokoteni ya ng'ombe. Tunapita mbele yake kila siku ya kazi, kwenda na kurudi. Kila gari letu likipita ananyanyua mkono. Miaka minne. Na sisi, Mgeni rasmi, tunaangalia upande wa pili kana kwamba kule kuna kitu. Anatusikia tukirudisha gia. Fundi kama yule hahitaji kuambiwa, anajua gari limekunywa ngapi kwa kusikiliza tu.

Mwezi wa tatu gari la Mwenyekiti wetu liliishiwa mafuta mlangoni pake hasa, si hatua kumi mbele, si hatua kumi nyuma. Mzee Mihayo alibaki ndani ya gari, kioo kimepandishwa, akijifanya anatafuta kitu chini ya siti. Baba yako akaja, akagonga kioo taratibu. Alikuwa na kikombe cha chai na kiti. Akamkalisha kivulini, akachukua majani ya mgomba akafunika samaki, akamtuma mtu kwa baiskeli akalete petroli. Wakakaa saa mbili. Waliongea habari za mvua na habari zako wewe, kwamba umemaliza chuo. Kuhusu dizeli hakusema neno. Mzee Mihayo anasema afadhali angesema, maana alirudi hapa akiwa kama mtu aliyepigwa.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba ofisi yako itusaidie kuandika maombi ya mkopo wa pikapu tatu za dizeli, kuukuu, zisizo na redio. Tukipata tatu zitatuvutia matela sita kwa zamu.

Pili, tunaomba utuletee mtu wa kutufundisha namna ya kupima mambo kabla ya kuyaamua. Usituonee huruma, tufundishwe kama watoto. Sisi wenyewe tumeanza. Kwenye daftari la baba yako, chini ya kanuni yake ya kumi na moja, tumeongeza ya kumi na mbili, kwa mwandiko mbaya: *Kitu kipimwe kikiwa kazini.*

Tatu, ni habari ya Revocatus. Hatukuombi kitu hapa, tunakuarifu tu. Tulivuka maji tukamfuata kwao Nansio, watu watano, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akatupa samaki wa kukaanga tukala. Akasema ametusamehe, ila kurudi harudi. Tulipanda meli ya kurudi, na ndipo tulipoelewa kwamba kuna mtu mwingine hatujamwendea, aliye karibu zaidi, na kwamba tukichelewa tutajibiwa vilevile.

Mara tatu tumepanga kwenda Usagara. Mara ya kwanza tulifika tukageuzia kwenye kibanda cha soda, tukanywa soda tukarudi. Mara ya pili mvua ilinyesha, na tulifurahi ilivyonyesha. Mara ya tatu hatukutoka hapa. Wanaume wazima, Mgeni rasmi. Odeta ametutukana vya kutosha, usiongeze.

Ndiyo maana, nne, tunakuomba wewe.

Ukigeuka nyuma ya banda utaliona Tela Namba Moja. Tumelisugua siku tatu. Rangi ya maandishi tumeirudia, tukifuata mistari yake ileile. Beringi zimepakwa grisi. Mbele yake utaona pikapu ya dizeli. Si yetu, ni ile ya yule mtu wa Magu, ametuazima kwa leo. Tuliisukuma asubuhi mpaka mlango wa kanisa ikawaka, na majirani wamelalamika moshi, na sisi tulikuwa tunacheka huku machozi yanatutoka, hatujui kama ni ya moshi.

Barafu ipo, imepakiwa. Ndugu Jitesh amejaza tangi mpaka shingoni kwa kopo lilelile. Kufuli la Odeta lipo kwenye mfuniko, na ufunguo wake atakukabidhi wewe baada ya risala hii. Tumejaribu kulifunga tela kwenye gari. Tumetia bolti, tumetia nondo, zote zinacheza. Lile tundu baba yako alilitoboa kwa kipimo cha pini yake mwenyewe, na pini anayo.

Tunakuomba twende nawe Usagara sasa hivi, kabla ya chakula. Gari la kutupeleka lipo, na dereva ni katibu huyu anayesoma. Utangulie wewe kushuka, maana mlango ule ukifunguliwa na wewe hautafungwa. Sisi tutakuwa nyuma yako, wote kumi na mmoja, na leo hakuna atakayetazama upande wa pili. Tutamwambia tulikosea, kila mtu kwa mdomo wake. Kisha tutamwomba aje na pini, alifunge tela lake kwa mkono wake, akae nyuma ya usukani, ashuke Kigongo na barafu, arudi na samaki, tuhesabu makopo yeye akiwa amesimama. Jibu tunalijua tayari, yeye analijua zaidi yetu. Tunataka kipimo kifanywe kama alivyotuomba kifanywe siku ile.

Akikataa, tutalisukuma tela kwa mikono mpaka Usagara tumwachie. Ni lake. Hilo tumelipigia kura jana, na hakuna aliyekataa.

HITIMISHO

Tunajua kuna jambo atakalotuuliza kwanza, kabla hata hatujakaa. Tunamfahamu. Atatazama jua, atatuuliza leo ni siku gani, na atatukumbusha kanuni namba saba.

Tumeshaandaa jibu, na safari hii hatutalisema kwa kucheka. Tutamwambia: Mzee, ni kweli leo ni Jumapili, na Jumapili tela lipumzike. Lakini hili limepumzika miaka minne. Limeshapumzika vya kutosha.

Mungu akutangulie katika kazi uliyopewa, amrefushie baba yako siku na mama yako pia, na atupe sisi miguu ya kushuka kwenye gari tukifika pale.

Ni sisi, wanachama kumi na mmoja tuliobaki,
Umoja wa Wavuta Tela Mkuyuni.